Kucha ya Mheshimiwa

Mbunge aliingia ofisini kwangu bila hodi, akaweka kucha yake ndefu, iliyong'arishwa, juu ya ramani ya jimbo.

"Hawa waliohamia juzi watoe wote. Wamejaa kama siafu, na kura hawanipi. Mpaka upite hapa, ufuate mto, ukate hapa. Na wewe mama, kazi yako kuchora, si kufikiri."

Miaka kumi na tisa nachora mipaka; midomo ya aina hiyo naijua. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaifuata kucha kona kwa kona, sikuongeza wala kupunguza.

Penye daraja kucha ilikwenda kushoto. Upande wa waliotolewa ukaingia pia mraba mmoja wenye bwawa la kuogelea: nyumba yake mwenyewe. Na sheria yetu haimruhusu mtu kugombea jimbo asimoishi.

"Mheshimiwa, una hakika na mpaka huu?"

"Unanibishia?"

Mwenye macho haambiwi tazama. Nikamsogezea fomu ya mapendekezo ya mpaka.

"Sahihi yako hapa, Mheshimiwa. Siku ya mwisho ni leo."

Akatia, kubwa, yenye mikia. Nikaupuliza wino ukauke.