Lea ni Nani?

"Lea ni nani hapa?" afisa wa madini aliuliza, na nyumba nzima ikanyamaza.

Nyumba ile ya dalali pale Kiomboi, miaka ya mwanzo ya Uhuru, haikujua kunyamaza. Tulijazana humo hata tusipokuwa na shida yoyote, tukinywa chai na kusikia nani kauza eneo gani la dhahabu.

Sheria tuliijua wote: dalali mwenye leseni hanunui eneo alilopewa auze. Akinunua, ananyang'anywa leseni. Na eneo la mzee mmoja wa Sekenke, alilopewa dalali wetu auze, lilikuwa limenunuliwa kwa bei ya kutupa na huyo Lea.

"Simjui, bwana afisa," dalali alisema, akikoroga kikombe kitupu.

Hata sisi hatukumjua, jamani! Mke wa dalali tulimwita Mama Zefania tu, tangu ajifungue.

Afisa akasimama, akapaza sauti kama yuko sokoni. "Lea! Lea wee!"

"Abee!" jikoni kukaitika.

Mama Zefania akatokea mbio, mikono imejaa manyoya ya kuku wa mgeni, anatabasamu kama binti aliyeitwa na mama yake.