Matusi ya Jemedari Nyani

Hadithi hii ina nyani, na nyani huyo ana mdomo. Kila asubuhi Jemedari Nyani alipanda mwambani, akajipiga kifua na kuwatangazia pimbi wa ng'ambo ya korongo: "Kesho nawafuta! Mihogo yenu nitaila, na mashimo yenu nitayafanya choo!"

Na kila asubuhi Mfalme Pimbi aliwaamuru raia wake wajifungie mashimoni. Shamba la mihogo likaota magugu.

Nguchiro, mlinzi wao, alichoka. "Bwana mkubwa, mimi simsikilizi. Natazama watoto wake. Nyani wakitaka vita kweli, huwapandisha watoto mitini kwanza. Si hao wanacheza matopeni pale chini?"

"Wewe vita umesomea wapi?" Mfalme akafoka.

Siku moja Jemedari alipanda mwambani, akainama kwa adabu. "Majirani zangu wapenzi, mmeamkaje? Tuishi kwa amani."

Mfalme alilia kwa furaha. Akaitisha ngoma, pimbi wote wakatoka kucheza shambani. Nguchiro akatazama ng'ambo: matopeni hakuna mtu, miti imejaa watoto.

"Ndani!" akapiga kelele. "Ndani wote!"

Waliponea chupuchupu. Huko juu mihogo ilikuwa inang'olewa tuta kwa tuta. Mfalme, amebanwa shimoni chini ya makalio ya mama mkwe wake, akanung'unika: "Lakini leo hakututukana hata kidogo!"

"Atatukanaje," Nguchiro akajibu, "na mdomo umejaa mihogo yako?"