Kitundu Kisichojaa

Siku hizi kila nyumba ina kitundu ukutani cha kumeza maneno ambayo wenyewe hawataki kuyasikia. Hakijai, na ukitega sikio humo husikii hata upepo. Wengine wanakilisha matangazo ya mtaani. Mimi nilikiagiza kimeze malalamiko ya mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, na mengine yote kiyaache yapite.

Mwaka mzima nyumba ilitulia kama maji ya mtungini. Kila asubuhi Bi Mwanahawa alionja uji, akasema, "Mtamu, mwanangu," kisha midomo yake ikaendelea kucheza bila sauti, mvuke ukipanda mbele ya uso wake. Nilizoea kumtazama hivyo, kama samaki ndani ya chupa. Nakiri, nilipendezwa.

Wiki iliyopita alianza kuweka kiganja kifuani kila midomo ilipocheza. Siku ya tatu kijiko kiliniponyoka. Nilikwenda ukutani nikakifunga kitundu, lakini kwanza niliweka sikio. Katika maneno ya mwaka mzima, halikubaki hata moja.

Nikarudi nikapiga magoti mbele yake. "Mama, sasa nakusikia. Unaumwa wapi?"

Alinitazama kwa upole, kama mtu aliyebisha hodi mpaka akachoka na kujiondokea zake.

"Siumwi, mwanangu," alisema. "Uji mtamu."

Kiganja hakikutoka kifuani.