Busuti ya Shangazi

Gari liliingia uani Bwera likiwa limevaa busuti ya Loyi, lile gauni pana la hariri la sherehe.

Loyi alitangulia jana kusaidia kupika, akamwomba mumewe kitu kimoja tu: aje nayo kutoka Kasese. Leo Loyi ndiye shangazi, ndiye wa kumtoa binti wa kaka yake, anayeposwa, mbele ya wakwe.

Sasa busuti yenyewe ilikuwa imekazwa kwa kamba juu ya boneti. Wadudu wa mbuga nzima walikuwa wamepasukia kwenye hariri. Kifuani liliganda bawa la kipepeo, bado likitetemeka kwa upepo.

Mumewe alishuka akiwa amevaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi. Akafungua kamba, akaitoa busuti, akaipapasa rangi mpya ya gari kama anayepima homa ya mtoto.

"Hata doa hakuna!"

"Nyumba nzima hukuona kitambaa kingine?" Loyi aliuliza.

"Hii ndiyo pana. Nguo inafuliwa, bibi yangu. Rangi haifuliwi."

Kwenye hema, msemaji alikuwa ameanza kumwita shangazi.

Loyi alimpokonya busuti, akaivaa palepale juu ya gauni lenye moshi wa jikoni, akakaza mshipi mpaka maganda ya wadudu yakalia.

Mumewe alirudi nyuma. "Loyi, watu wataona!"

"Waone."

Akaukamata mkono wa kanzu, akaubana kifuani pake, juu ya lile bawa.

"Twende. Kanzu nayo inafuliwa."