Jina Chini ya Nta

Mwanahawa alimpelekea Shekue, fundi wa kuchora vyuma, kisu cha chuma kisichoshika kutu, alichopewa na mumewe siku ya harusi.

"Lifunike hili jina la Mbaraka lililochorwa ubavuni kwa maua," alisema. "Ameshaniacha."

Fundi aliyeyusha nta, akaupaka ubavu wa kisu hata jina likapotea. Kisha akampa sindano, maana kwake mwenye kisu ndiye huchora mstari wa kwanza.

"Anza na jani, dada. Utakapokwaruza ndipo tindikali itakapouma, na ikishauma haifutiki."

Mwanahawa akainama. Mkono ukaenda wenyewe, taratibu, bila kusita. Alipoinua sindano, kwenye nta palisomeka Mbaraka.

Fundi alikuwa ameshafungua chupa ya tindikali.

"Nimimine?"

Mwanahawa alisogeza uso, akapuliza chembe za nta zilizonasa kwenye herufi.