Cheti cha Yoeli

Mwalimu Perisi alikuwa amebakiza kugawa cheti kimoja kati ya kumi na viwili vya wahitimu wa mafunzo ya kuanzisha makanisa mapya, habari ilipofika: askari wa kizuizi cha barabarani wanapekua mifuko, na anayekutwa na karatasi ya kanisa harudi kwao.

"Jamani, vyote motoni," alisema, akilisogeza jiko la chai ya mahafali.

Kumi na mmoja wakatii. Yoeli, fundi matofali aliyezeeka bila cheti chochote, hakusogea.

"Jina langu halijasomwa, Mwalimu."

Perisi akalisoma kwa kunong'ona, jicho mlangoni. Yoeli akaja mbele, akakipokea kwa mikono miwili, akasubiri makofi.

Nje gari likazima injini.

Perisi akanyoosha mkono kukitaka kirudi. Kule nyuma ya chumba, mtu akaanza kupiga makofi.