Ua Mtupu

Vioo vya madirisha ya mtaa wetu havimwonyeshi mtu asiye na makazi. Tuliviomba wenyewe, nyumba ya hifadhi ilipofunguliwa ng'ambo ya barabara, na mimi nilitia sahihi. Tangu hapo nanywa chai dirishani kwa raha, nikitazama ua mtupu wa hifadhi hiyo na kamba zake za kuanikia.

Leo kambani nimeona kanga, pacha wa hii niliyojifunga. Doti hiyo tuligawana na mdogo wangu Mwamvita, arobaini ya mama. Nikiwa bado naitazama, ikatoweka. Kuna aliyeianua.

Nikampigia simu.

"Mwamvita, uko wapi?"

"Hapa uani, dada. Kila asubuhi nakupungia mkono. Nilidhani umenikasirikia."

Ua ulikuwa mtupu.